Kabla Hujaugua Bofa: Maelekezo kwa Mgeni

Ukiweza, usiugue. Ikiwa ni lazima, ugua Jumanne, saa tatu asubuhi, kitambulisho kikiwa mfukoni na simu ikiwa na chaji. Jumatatu haifai, foleni ya siku hiyo imebeba wagonjwa wa Jumamosi na Jumapili, waliokuwa wakijipa moyo kwamba maumivu yatapoa yenyewe. Ijumaa baada ya sala kila mtu ameshaanza kutazama saa. Usiku waachiwe wajawazito na abiria wa bodaboda, ambao hawakupewa nafasi ya kuchagua.

Sikiliza habari pia, ujue ni nani amegoma. Madaktari wa umma wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Disemba 2016 hadi Machi 2017. Mgonjwa aliyevumilia mpaka wakarudi, kisha akajipumzisha kidogo nyumbani, alikuta Juni wauguzi nao wametoka, na hawakurudi hadi Novemba. Mwaka 2024 madaktari walitoka tena, safari hii siku 56. Kwa hiyo ukikuta wote wako kazini siku moja, na umeme upo, usiipoteze nafasi hiyo. Pima hata kisichouma.

Maelekezo haya ni ya mgeni: yule aliyekodi nyumba ya makuti hapa Bofa, ufukweni mwa Kilifi, Mnairobi aliyeshuka na watoto Disemba akakanyaga kitu chenye miiba majini, mpwa aliyerudi kutoka Leeds, anayeuliza daktari wake wa familia ni nani, kana kwamba kila mtu wa Kilifi amegawiwa wake. Mwenyeji hayahitaji. Anajua kemisti gani hufungua mapema, muuguzi gani ni wa ukoo wake, na homa gani inaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Daktari ni yule yule

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kwamba hapa kuna tiba za aina mbili, ya serikali na ya kibinafsi, kila moja na watu wake. Asubuhi utamkuta daktari katika hospitali ya umma, macho mekundu, wagonjwa sitini mbele yake na wewe wa sitini na moja. Saa kumi na moja jioni utamkuta huyo huyo ng'ambo ya barabara, ameoga, amebadili shati, anafanya lokamu, yaani kibarua cha zamu, katika kliniki ya kibinafsi. Na anakukumbuka. "Si wewe wa kikohozi?" Ushauri ni ule wa asubuhi. Dawa ni zile za asubuhi, ila hizi zipo. Badala ya benchi umekalia kochi, kwenye televisheni kuna tamthilia ya Kituruki, na msichana wa mapokezi amekuita "mteja", jambo ambalo lingepaswa kukushtua kuliko kikohozi chenyewe.

Usimlaumu daktari. Tangu hospitali zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mishahara imekuwa na tabia ya kuchelewa, na karo ya watoto wake haina tabia hiyo. Tena njia hii hupitwa pande zote mbili. Hospitali ya umma ikiishiwa na kemikali za maabara, utaandikiwa kikaratasi ukapime nje. Kliniki ya marumaru nayo, mgonjwa akizidiwa saa nane usiku, ndiyo itakayompakia kwenye ambulensi impeleke kwa serikali: Hospitali ya Kaunti ya Kilifi au, mambo yakizidi, mwendo wa kilomita kama 60 hadi Hospitali Kuu ya Pwani kule Makadara, Mombasa. Husemwa kwamba sekta ya kibinafsi inaipunguzia serikali mzigo. Ni kweli, inaipunguzia ule mwepesi.

Halafu kuna aina ya tatu, ambayo vitabu vya watalii havijaigusa. Tangu 1989 taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, ina kituo chake ubavuni mwa hospitali ya Kilifi. Tangu 2000 watu wake hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mgeni akipigiwa hodi na kijana mpole mwenye maswali hayo, asimfukuze akidhani anauza kitu. Siku nyingi hapa watu wamekuwa na hofu kwamba wanaotoa damu za watoto huenda nazo kusikojulikana; watafiti wenyewe wameichunguza hofu hiyo na kuiandikia makala za kitaaluma, kwa hiyo hata hofu ikawa data. Lakini mama mwenye mtoto anayechemka ana hesabu yake: penye utafiti pana daktari, pana maabara, na nauli ya kurudia nyumbani ipo. Ukipewa fomu ya ridhaa, itunze. Huenda ikawa karatasi pekee ya hospitali maishani mwako ambayo mtu alikaa chini akakueleza mstari kwa mstari, kisha akakuambia una haki ya kukataa.

Vitu vya kubeba

Daftari la shule, la kurasa 32. Hilo ndilo faili lako. Juu ya jalada pana nafasi ya jina, shule na somo. Jaza jina, mengine yaache. Litunze kuliko pasipoti, kwani ukilipoteza utakuwa hujawahi kuugua. Beba kalamu, kwa sababu ya mwenye dirisha imeazimwa. Beba maji, leso, na chenji.

Zaidi ya yote, beba mtu. Hospitali ya umma inahitaji mtu wa mbio: akapange laini ya malipo huku wewe uko laini ya maabara, avuke barabara kwenda kemisti, asimame getini kupokea wali uliopikwa nyumbani. Hospitali ya kibinafsi inahitaji mtu wa kutia saini na kuweka pesa za awali kabla hujapewa kitanda. Kwa wa kwanza chagua mpwa mwenye mapafu mazuri. Kwa wa pili, shemeji mwenye kazi ya mshahara. Usiwachanganye.

Kuhusu pesa za kubeba, utaambiwa kwamba zahanati ni bure. Uliza: bure ya mwaka gani? Disemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake. Mwaka 1990 ikasitisha, kisha ikarudisha kidogo kidogo. Mwaka 2004 ikatangaza kwamba zahanati itatoza shilingi 10 na kituo cha afya 20, basi, hakuna zaidi. Mwaka 2009 watafiti, wengine wao wa papa hapa Kilifi, walichapisha walichokikuta Kwale na Makueni: vituo vingi havikuwa vikifuata bei hiyo. Vilikuwa na sababu. Ada ndiyo iliyomlipa mlinzi na mfagiaji, na agizo la kuipunguza halikuja na pesa za kuziba pengo. Mwaka 2013 hata hizo 10 na 20 zikafutwa. Tangu hapo kumwona mhudumu ni bure, na dawa pia ni bure siku zikiwepo. Siku zisipokuwepo, utajua ni kwa nini biashara za kemisti zimejipanga mkabala na geti, zikiangalia hospitali kama waombolezaji wa kukodiwa.

Paa lako ni la nini?

Bima ya taifa, NHIF, iliundwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 ilizikwa, na mahali pake ikakaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa. Asiye na mshahara, yaani mvuvi, mgema, mama wa mahamri na karibu kila mtu utakayekutana naye kati ya Bofa na soko la Oloitiptip, huulizwa maswali kuhusu nyumba yake ili mfumo ukadirie kipato chake. Jibu haliwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na mpango ulipoanza alitakiwa alete za mwaka mzima kwa mpigo, yeye ambaye hata mafuta ya kupikia hununua ya kupima.

Maswali ni ya aina hii: kuta zako ni za nini, choo chako cha namna gani, paa lako limeezekwa kwa nini? Hapo kwenye paa ndipo Bofa inapoleta shida. Makuti hapa huezekwa na watu wa aina mbili: yule asiyeweza kununua mabati, na yule aliyeleta msanifu majengo kutoka Ulaya ili bwawa lake la kuogelea lipate kivuli cha asili. Mwenye mabati yuko katikati, na kayatolea jasho. Mvuvi aliyeuza pweza miaka mingi hadi akashusha makuti na kupandisha mabati amepiga hatua, na sasa hatua hiyo inaweza kuhesabiwa dhidi yake. Mwenye jumba la vyumba sita ufukweni ajibu ukweli mtupu: makuti, bwana. Maji ya kisima. Mwanga wa jua.

Lililo zuri lisemwe. Chini ya mpango huu zahanati na vituo vya afya vinapaswa kulipwa na kodi, na mgonjwa asidaiwe chochote. Michango inaanza kazi ukifika hospitali, na mfuko wa tatu umewekwa kwa dharura na kwa magonjwa mazito yanayomaliza bima. Karatasini ni mpango wa watu wenye akili. Mgeni azingatie tu kwamba tiba ya Kenya ina ngazi sita. Ya kwanza ni binadamu, mhudumu wa jamii mwenye mkoba, mmoja wa kama laki moja walioingizwa kazini mwaka 2023. Ya sita ni hospitali kama Kenyatta, Nairobi. Unatakiwa kupanda ngazi moja moja, kwa rufaa. Kwa hiyo panga vizuri ugonjwa wako uanze kidogo, ukue kwa utaratibu, na usizidi kabla barua haijapigwa mhuri.

Bili imefichwa wapi

Ukikaa kwenye benchi muda wa kutosha utaanza kulinganisha nchi. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa benchi na hauna dawa. Kila mtu pale ana ndugu mahali ambako, inasemekana, tiba ni bure. Wasikilize wote, halafu jiulize swali moja tu: huko bili wameificha wapi? Maana ipo. Sijaona nchi ambayo haina.

Mpwa wa Leeds atakuambia Uingereza. Ni kweli, tangu tarehe 5 Julai 1948 mgonjwa wa huko huingia na kutoka bila kufungua pochi, na ni jambo la kuvuliwa kofia, ingawa mwaka 1952 dawa zilianza kutozwa ada na mpaka leo England inaitoza. Sasa mwulize alilipa nini kabla ya kupanda ndege. Tangu Februari 2024, kwa kawaida mtu mzima anayekwenda kwa viza ya kukaa hulipia huduma hiyo pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipa ya miaka yote kwa pamoja, hajakohoa hata mara moja. Miongoni mwa wanaosamehewa ni yule anayekwenda na viza ya kuhudumia wagonjwa wenyewe. Julai 2021 Nairobi na London zilitiliana saini kuhusu wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Hivyo ukimtafuta sista wodini ukaambiwa hayupo, usigombane na mtu. Huenda yuko Leeds, anamgeuza ubavu babu wa kizungu, bila malipo ya mlangoni.

Malindi, mwendo wa saa moja na kitu kaskazini, ina Waitaliano wa kutosha, nao watakusimulia ya kwao. Italia ilianzisha huduma ya taifa kwa wote mwaka 1978. Mgonjwa huchangia ada ndogo, kisha hungoja. Kungoja kukizidi, ile hospitali ya umma inamruhusu kumwona daktari yule yule, ndani ya jengo lile lile, mapema zaidi, kwa kulipa. Mwitaliano anayelalamika kuhusu lokamu za Kilifi mnunulie kahawa, mwache amalize. Tofauti ni kwamba wao hawakumtaka daktari avuke barabara.

Marekani huficha bili kwenye sanduku la posta. Tangu 1986 sheria inailazimu idara ya dharura kumwangalia na kumtuliza kila anayeingia, awe na pesa au hana. Mgonjwa hupona, hurudi kazini, husahau, kisha barua zinaanza: ya hospitali, ya daktari aliyesimama mlangoni, ya gari lililomleta. Na sisi tunayo ahadi kama hiyo, kwenye ibara ya 43 ya Katiba ya 2010: hakuna atakayenyimwa tiba ya dharura. Ila sisi si watu wa barua. Tunadaiwa ana kwa ana.

Oman? Binamu wa Maskati, mwenye uraia, anatibiwa na dola yake na hana la kusema. Msichana wa Kilifi anayemfulia nguo binamu huyo hutegemea tajiri wake, na kabla ya kuondoka alishapimwa damu, kifua na mimba. Angekutwa na dosari asingekwenda. Oman imegundua njia rahisi kuliko zote ya kupunguza gharama za wafanyakazi wageni: kuwaingiza wazima tu.

Majirani zetu nao wamejaribu. Tanzania ilipitisha sheria mwaka 1977 kuzuia tiba ya kutafuta faida, zikabaki hospitali za serikali na za dini; mwaka 1991 ikafungua tena. Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma Machi 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na maskini wakamiminika, jambo linaloonyesha ni wangapi walikuwa wakiugulia nyumbani kwa aibu ya shilingi chache. Miaka michache baadaye, watafiti walipopiga hesabu, waliona kwamba gharama za kufilisi familia hazikupungua kwa maskini hao. Dawa zilikuwa zimeisha vituoni, wakawa wananunua nje. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti.

Bima ya kweli

Mgeni atauliza, basi hawa watu wanatibiwaje? Kwa kundi la WhatsApp. Siku mgonjwa anapopelekwa Mombasa, au daktari anapotamka neno India, kundi linafunguliwa usiku huo huo. Utajikuta umo. Hukuomba, na huwezi kutoka, kwa kuwa kutoka kunaandikwa chini kwa maandishi ya kijivu ili ukoo mzima uyaone.

Jifunze adabu zake. Mweka hazina awe mwanamke aliyewahi kushika pesa za chama, kamwe asiwe kijana anayebadilisha simu mara kwa mara. Orodha ya majina na viwango itatumwa upya kila anapochanga mtu. Usiifute, ndiyo mahakama. Usichange wa kwanza, utaonekana una pesa. Usichange wa mwisho, utaonekana huna ndugu. Picha ya mgonjwa iwe ya kitandani na dripu. Ya harusini, hata kama alipendeza, hupunguza michango. Ukiwa ughaibuni, hesabu yako imeshapangwa kabla hujasoma ujumbe, na imepangwa kwa dola. Atakayeandika "tuko pamoja" bila tarakimu asisumbuliwe. Siku yake itakuja, na orodha ipo.

Ukiliangalia kwa jicho la mhasibu, kundi hili lina karibu kila kitu cha bima, ila halina pesa kabla ya ugonjwa. Tena humtazama mtu. Mwalimu mstaafu mwenye wanafunzi Nairobi na Doha atachangiwa hadi salio libaki. Mgema wa Bofa ambaye jamaa zake wote ni wagema atachangiwa kwa moyo mweupe na kufikia nauli ya Mombasa. Hapo ndipo asilimia 2.75 ya mtu asiyekujua inapokuwa na maana kuliko upendo wa wote wanaokujua, na ndiyo sababu, pamoja na kejeli zangu zote kuhusu makuti, nakushauri ujisajili. Jisajili ukiwa mzima. Foleni yake ni nyingine.

Kutoka

Kupona ni nusu ya kazi. Hospitali ya kibinafsi itakuruhusu saa nne asubuhi, lakini bima yako itajibu saa kumi, na kitanda cha saa hizo kinahesabiwa. Hospitali ya umma itakuruhusu wakati daktari wa zamu anapopita. Kisha utafuata dirisha la hesabu, na ukishindwa kulipa, afisa wa ustawi wa jamii, atakayekuuliza kwa upole una mbuzi wangapi. Jibu ukiwa umekaa. Mtu anayesimama imara hupunguziwa kidogo.

Mwisho kuna geti, na getini kuna askari anayetaka karatasi ya kuruhusiwa yenye mhuri wa malipo. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi kwa kukosa ada, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Hukumu ni ndefu na imeandikwa vizuri. Chapisha nakala mbili: moja umpe askari, nyingine uisome kivulini ukimngoja mkubwa wake arudi kutoka chakula cha mchana.